Ngozi ya Pongo kwa Kitanda cha Bibi

Ngozi iliyotolewa kwenye maji ya magome haimsubiri mtu. Hilo nililijua kabla ya mambo haya yote. Nilikuwa nimeliandika kwenye daftari langu na kulipigia mstari mara mbili kwa rula. Ikianza kukauka lazima iwe mikononi mwako, uivute, uikunje, uisugue, mpaka iwe kavu kabisa. Ukiiacha njiani inakaza, na ikikaza unaanza upya. Nalitaja mwanzoni ili msomaji asinihurumie akidhani sikujua.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Kwetu ni juu ya Kimandolu, mwendo wa saa moja kwa miguu kuelekea mlimani, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu hukaa kwenye migomba siku nzima bila kuondoka. Bibi, mama yake baba, aliteleza kwenye mfereji wakati wa masika akavunjika nyonga ya kulia, na tangu siku hiyo hakusimama tena. Alilala chali kwenye kitanda cha kamba, juu ya gunia lililojazwa majani makavu ya mgomba. Kumgeuza ilikuwa kazi ya watu wawili, na kila tulipomgeuza aliuma kona ya khanga yake asitusikitishe.

Mwezi huo wa saba shangazi alikuja kutoka Oldonyo Sambu alikoolewa, kumuuguza mama yake. Alikuja na kibuyu cha mafuta ya mkia wa kondoo na mdomo usiotulia. Mama yangu alikuwa shambani kutwa kwa sababu kahawa ilikuwa imeiva. Baba alikuwa ameshuka mjini na magunia ya kahawa ya majirani, na huko hukaa siku tatu au nne akingoja zamu ya kupimiwa. Kwa hiyo siku ya Alhamisi dresa wa zahanati alipopanda mpaka kwetu, alitukuta wanawake watatu tu: mimi, shangazi na Bibi.

Alimgeuza Bibi kwa upande wa kushoto, akatazama chini ya kiuno, akatuita tuone. Palikuwa na alama nyekundu pana kama kiganja. Ngozi ya mahali hapo ilikuwa nyembamba na inang'aa, kama ganda la ndani la kitunguu.

"Bado haijafunguka," alisema. "Ikifunguka, kwa umri wake, sidhani kama itafunga tena. Hili gunia liondoeni. Mtafutieni kitu laini, kisichokwaruza wala kujikunja."

"Kama godoro la Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani?" shangazi aliuliza.

"Likipatikana," dresa alisema, akatuachia chupa ya dawa ya bluu, akashuka.

Bibi alikuwa amesikia yote akiwa ameuelekea ukuta. Kiswahili alikielewa kuliko alivyokubali, lakini alisema nasi kwa Kimeru, na maneno yake hapa nayaandika kwa Kiswahili.

"Mimi nililala kwenye ngozi tangu kuzaliwa," alisema. "Ngozi laini kama sikio la ndama. Baba yako alipobatizwa akaniletea gunia."

Haikuwa hivyo hasa, shangazi aliniambia baadaye. Baba alipobatizwa alimnunulia mama yake nguo na blanketi, na zile ngozi za zamani, za kuvaa na za kulalia, zikawekwa kando, kisha panya wakazila. Bibi mwenyewe alibatizwa miaka mingi baadaye, akiwa mzee, akacheka maji yalipomwingia shingoni. Ila kweli ni kwamba tangu wakati huo hakuna aliyetengeneza ngozi nyumbani kwetu. Tulikuwa na moja ya mbuzi, kavu kama ubao, ya kukalia wageni wasio na cheo.

Mimi nilikuwa na ngozi. Ilikuwa nyuma ya nyumba, ndani ya pipa, imefunikwa kwa mawe na majani, kwa wiki ya tano. Baba mdogo alikuwa amemuua pongo, yule swala wa msituni, aliyeingia kwenye maharage yetu chini ya msitu. Kwa kuwa Serikali inasema pongo ni wake, nyama ililiwa haraka na ngozi nikaiomba mimi kabla haijafukiwa. Niliiloweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yakang'oka, nikaikwangua, nikaiosha, kisha nikaitia kwenye maji ya magome ya miwati niliyoyaokota mpakani mwa shamba la Mzungu.

Hakuna aliyenifundisha. Mjini, karibu na soko, kulikuwa na fundi viatu ambaye alijitengenezea ngozi mwenyewe, na mama alipokuwa akiuza ndizi mimi nilisimama upande wa pili wa barabara nikimtazama. Nilihesabu mara ngapi anavuta, mara ngapi anageuza. Siku moja nilijipa moyo nikamwuliza anatumia mafuta gani. Aliniangalia tangu miguuni mpaka kichwani akasema, "Nenda kamsaidie mama yako, binti, ndizi zinaiva." Tangu siku hiyo nilikusudia kutengeneza ngozi isiyo na kosa hata moja, niishone mfuko, nimpitie nao mbele ya macho.

Kwa hiyo nakiri: dresa aliposema kitu laini, ile ngozi niliikumbuka mara moja, na nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka tulipomaliza chai. Shangazi ndiye aliyesema, "Na ile takataka yako inayonuka kule nyuma, haiwezi kuwa kitu?"

"Inaweza," nikasema.

Ijumaa niliitoa, nikaisuuza mpaka mfereji mzima ukawa na rangi ya chai, nikaikamua, nikaipaka mafuta ya shangazi pande zote mbili, nikaikunja ilale. Jumamosi alfajiri nilianza kuivuta.

Nilikuwa nimechimbia kigingi cha mti mgumu chini ya upenu, kichwa chake nimekilainisha kwa kipande cha chupa. Unaipitisha ngozi juu ya kigingi, unashika huku na huku, unavuta kwa uzito wa mwili, unasogeza upana wa vidole vitatu, unavuta tena. Mwanzoni ni nzito na baridi kama chura. Kisha pale inapoanza kukauka, ukivuta, rangi ya kahawia inapauka ghafla, kama uso wa mtu aliyepata habari. Hapo ndipo panapolainika. Inabidi ukimbizane nayo, kwa kuwa haikauki pote kwa pamoja. Tumbo linatangulia, halafu miguu, halafu ubavu. Shingo na mgongo ni za mwisho, tena ndipo ilipo nene.

Bibi alinisikia kupitia ukutani. Kitanda chake kilikuwa upande wa pili tu wa udongo ule.

"Unavuta kwa haraka," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Bibi."

"Nani kakuambia?"

Sikumjibu kwamba nilijiambia mwenyewe. Nilijua kwamba yeye aliwahi kufanya kazi hii kwa mikono yake, miaka mingi kabla sijazaliwa, na sikumwuliza hata swali moja. Nilikuwa na daftari.

Ilipofika saa tisa mchana ngozi ilikuwa laini. Nasema hivyo sasa. Ukiishika katikati ilianguka pande zote mbili za mkono kama kitambaa kilicholowa. Shangazi aliipitisha shavuni, kisha shavu la pili.

"Lete," Bibi aliita.

"Bado, Bibi."

"Bado nini?"

"Shingoni. Pamekaza."

"Shingo ya nani?"

"Ya pongo."

"Pongo ameshakufa, shingo haimsumbui tena. Lete."

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi akasema, "Shingo iweke upande wa miguu. Miguu yake haina kitu. Mambo ya mgongoni ndiyo tunayoyataka, na hapa mgongoni ni siagi."

Alikuwa sahihi, na niliona kuwa ni sahihi, na bado sikuweza. Kile kipande kilikuwa kama viganja viwili. Nilikikunja, kikatoa sauti ndogo ya kukwaruza, na sauti ile ilinishika kama jino linalouma. Nilifikiri: kama nitalowesha shingo peke yake, maji yataacha mstari. Mstari wa giza, pale yanapokomea. Fundi viatu angeuona. Nilimfikiria fundi viatu, msomaji, huku Bibi akiita kutoka upande wa pili wa ukuta.

Nikaichukua ngozi yote nikaitumbukiza kwenye karai la maji.

"Umefanya nini?" Bibi aliuliza. Alikuwa amesikia mlio wa maji.

"Nimeirudisha kidogo. Jioni itakuwa tayari."

Haikuwa kweli. Hata kwa jua isingekuwa tayari jioni, na jua halikuwapo. Ukungu ulishuka mpaka kwenye paa. Nilivuta, nikavuta, ngozi ikabaki baridi na nzito, haikauki wala haipauki. Giza lilipoingia bado ilikuwa inatoa maji ukiikamua. Baba alirudi kutoka mjini wakati huo huo, amechoka, akala, akaomba, akalala. Hakuna aliyemweleza habari za dresa. Shangazi alidhani mama amemwambia, mama alidhani shangazi amemwambia. Mimi sikudhani kitu, nilikuwa nafikiria shingo.

Na kesho yake ilikuwa Jumapili.

Baba ni mzee wa kanisa. Nyumbani kwetu Jumapili jembe halishikwi, panga halinolewi, sindano haichomoki kwenye kitambaa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilishona kifungo cha gauni langu Jumapili asubuhi, kifungo kimoja, tukiwa tunachelewa ibada. Hakunipiga. Jumatatu aliniletea mkasi, akaniambia nikikate, kisha nikishone tena siku ya kazi. Nilikishona vizuri kuliko mara ya kwanza, na labda ndipo nilipoharibikia.

Kupika hakuhesabiwi kazi. Jumapili ile ilikuwa zamu yetu kuwakaribisha mwinjilisti na wazee baada ya ibada, na mama na shangazi walikuwa wamemenya ndizi tangu alfajiri.

Kabla ya kwenda kanisani niliigusa ngozi. Ilikuwa imening'inia chini ya upenu, imelowa bado. Ningeweza kuikunja kwenye gunia lililoloweshwa na kuifunika majani mabichi ya mgomba, ingekaa hivyo mpaka Jumatatu bila kudhurika. Nilijua na hilo. Sikulifanya kwa kuogopa madoa. Nilijiambia kwamba ukungu wa namna ile hauondoki siku moja. Na sikumwachia shangazi maagizo yoyote, ingawa ndiye aliyebaki na Bibi, kwa sababu sikutaka mtu mwingine aiguse.

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha jua lilipoingia kanisani. Liliingia kwa dirisha la upande wa mlima, likalala sakafuni, jeupe kabisa, jua la kwanza katika wiki mbili. Watu waligeuza nyuso kulipokea. Mtoto mmoja alinyoosha mkono. Mimi nilianza kuhesabu: tumbo sasa, miguu sasa. Mwinjilisti alihubiri kwa utulivu mwingi. Alipofika kwenye neno la mwisho nilikuwa nimefika mbavuni. Kisha akaongeza jingine.

Nilikimbia kilima chote. Nyuma ya nyumba upenu ulikuwa mtupu. Ngozi ilikuwa juani, juu ya kamba ya nguo, imetandazwa sawasawa, na upepo wa mlimani ukiipiga.

"Ilikuwa inachuruzika tu pale kivulini," shangazi alisema kutoka jikoni, moshi machoni, amefurahi. "Nimekuanikia."

Niliishika. Tumbo na miguu vilikuwa vimekwisha. Ubavu ulikuwa bado na ubaridi, na mgongo bado ulikuwa na maji. Kama ningeitumbukiza tena wakati ule ule, au ningeivuta hata nusu saa, ingeokoka. Nilisikia wageni wakipanda njia nyuma yangu, wakizungumza juu ya bei ya kahawa, na kikohozi cha baba.

Nililazimika kuwanawisha mikono. Niliwamiminia maji mmoja mmoja, wanne na baba watano, nikiyatazama maji yanavyopotelea ardhini. Mzee mmoja, mnene, mchekeshaji, aliyekwenda nyuma ya nyumba kwa haja yake, alirudi akiuliza:

"Nani fundi wa ngozi hapa?"

"Huyu," baba alisema, akinionyesha kwa kidevu. Alidhani ile ngozi ni ya mfuko niliotaka kujishonea.

"Msichana? Basi atakayemwoa hatatembea peku."

"Akimwoa atavaa kiatu kimoja miaka kumi akingoja cha pili kiishe," shangazi alisema akipita na sufuria, na wote wakacheka, na baba naye akacheka.

Nilisema, "Baba, ile ngozi inahitaji maji."

Aliniangalia. Wageni nao waliniangalia. Hakukunja uso, alikuwa na furaha siku ile.

"Kesho," alisema.

Ningeongeza maneno machache tu: ni ya mgongo wa Bibi, dresa amesema. Ndiyo yote yaliyohitajika. Lakini ningelazimika pia kusema kwa nini haikuwa tayari Jumamosi, na mbele ya mwinjilisti, na shangazi amesimama pale na kumbukumbu yake nzuri. Nikasema, "Ndiyo, baba," nikaingia ndani kwa Bibi.

"Inakauka?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Iko mikononi mwa nani?"

"Haiko mikononi mwa mtu. Ni Jumapili."

Alifikiri. "Nenda kaiingize majini."

"Baba amesema kesho."

"Baba yako ni mwanangu, nilimpakata. Nenda kamwambie mama yake amesema leo."

Nilikwenda mpaka mlangoni. Walikuwa wanakula. Nilisimama na mkono kwenye mwimo, mwinjilisti akaniona akatabasamu, akadhani nataka kuongeza mchuzi. Niliongeza mchuzi. Nilirudi, Bibi akanitazama, nikaenda tena. Mara tatu nilifika kwenye mlango ule. Mara ya tatu nilijiuliza kama kulowesha ni kazi. Kulowesha miguu si kazi. Kulowesha kitambaa na kumpangusa mgonjwa si kazi. Nililichambua jambo hilo kwa makini sana, kwa pande zote, kama ninavyochambua kila kitu, na nilipomaliza kulichambua nilikuwa bado nimesimama mlangoni na chai ilikuwa imekwisha.

Baada ya chakula waliingia wote kumwombea mgonjwa. Walikizunguka kitanda, wakaimba, wakaomba kwa zamu. Yule mzee mnene aliinama akauliza, "Umelala vizuri, Mama?"

"Nalala kama ndizi zilizovundikwa," Bibi alisema. "Nangoja kuiva."

Walicheka kwa upole, wakamsifu kwa imani yake. Mimi nilikuwa nimesimama penye kidirisha. Kutoka pale niliiona kamba na ngozi juu yake. Mwanzoni upepo ulipoipiga ilitikisika yote. Kisha ilitikisika upande mmoja tu. Walipofika kwenye ombi la nne, upepo ulipiga na ngozi ikazunguka nzima nzima kama mlango.

Waliondoka saa kumi na moja. Nilikwenda kuitoa. Shangazi alinifuata, akaigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia. Hakufanya mzaha. Alisema, "Kumbe ilikuwa inakufa nami nikaipeleka juani," na hilo likaniuma kuliko mzaha, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Jumatatu asubuhi tulimgeuza Bibi, na gunia likaja naye. Lilikuwa limeganda mgongoni. Tulilitoa kwa maji ya uvuguvugu, polepole, yeye akiuma khanga. Ile ngozi nyembamba ilibaki kwenye gunia. Pale kiunoni palikuwa pamefunguka, si pakubwa, kama kovu la jani linapoanguka, na palikuwa na unyevu.

Shangazi alijipangusa mikono kwa khanga. Kisha akatoka akamwita baba.

Baba alisimama akatazama, akatoka nje, akanikuta nyuma ya nyumba nikiiingiza ngozi kwenye karai. Shangazi alikuwa amemweleza yote, na ya Jumamosi pia.

"Ungeniambia," alisema.

"Ungesema nini, baba?"

Alikuwa mtu wa majibu. Nilimwona akilitafuta jibu usoni mwangu, kwenye karai, juu kwenye mlima uliokuwa umejifunika tena.

"Sijui," alisema. "Lakini ungeniambia."

Kesho yake hakwenda kwenye kahawa. Alikuja akashika upande mmoja wa ngozi bila kuulizwa, mimi nikashika mwingine, tukavuta. Mikono yake ilikuwa na nguvu kuliko yangu na haikujua chochote. Alivuta pasipotakiwa, akaacha panapopauka. Nilitaka kumrekebisha kila dakika. Safari hii nilimwuliza Bibi kila kitu kupitia ukutani, na alinijibu, akipumzika kati ya neno na neno: kwamba nipake mafuta tena ikiwa na unyevu wa jasho tu, kwamba nikanyage shingo kwa visigino, kwamba nisiivute kwa kupigana nayo. Shingo ililainika kwa visigino katika muda usiofika robo saa.

Jumatano jioni ilikuwa tayari. Niliipitia yote kwa vidole, nimefumba macho, sikupata hata pahali pamoja palipokaza. Ni ngozi bora kuliko zote nilizotengeneza mpaka leo. Tuliitandika, tukamlaza, naye akapeleka mkono akaipapasa ukingoni kwa muda mrefu.

"Hii ni ngozi," alisema. Alilala saa nyingi usiku ule, mama aliniambia.

Asubuhi tulipomgeuza, katikati ya ngozi palikuwa na duara la giza, mahali kidonda kilipotoa maji. Niliitoa juani kidogo, nikageuka kumsaidia shangazi kwa dawa ya bluu, niliporudi lile duara lilikuwa gumu. Kiasi cha sarafu kubwa. Nikalilowesha, nikalipaka mafuta, nikalivuta kwenye kigingi mpaka likapauka, nikairudisha. Kesho yake palikuwa pamekaza tena, upana wa yai. Siku iliyofuata, upana wa kiganja.

Hiyo ikawa kazi yangu. Kila asubuhi wawili walimgeuza, mimi nikaichomoa ngozi chini yake, nikakimbia nayo kwenye kigingi, nikalainisha kile kiraka, nikarudi mbio kabla mikono ya shangazi haijachoka kumshikilia. Mchana mara nyingine, na jioni mara nyingine. Sikulainisha kitu kikabaki laini. Kidonda kilikuwa kinapanuka na kiraka kinapanuka pamoja nacho, na mimi nilishindana na kiraka kwa sababu kidonda sikuwa na la kukifanya. Dresa alipanda mara mbili. Mara ya pili hakuacha chupa.

Nilikuwa stadi. Niliweza kuichomoa, kuilainisha na kuirudisha katika muda ambao baba alisema Baba Yetu mara nne. Nilijivunia hilo, nalisema kwa aibu.

Siku moja mchana, mama na baba wako kwenye kahawa, niliingia na shangazi tumgeuze. Bibi alikuwa amekonda hata kitanda hakikulia tena chini yake. Nilishika upande wangu. Aliweka mkono juu ya mkono wangu. Ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Leo iache," alisema.

"Imekaza, Bibi. Nimeigusa ukingoni, katikati lazima imekaza."

"Imekaza. Naisikia."

"Ni kidogo tu. Hutahisi."

"Nahisi mkinigeuza," alisema. "Ngozi siihisi sana. Mkinigeuza ndipo ninapohisi."

Nilimtazama shangazi. Alikuwa ameshaachia upande wake, anazungusha pindo la khanga kidoleni. Nilitambua kwamba alikuwa amelijua hili siku nyingi.

"Tangu lini, Bibi?" niliuliza.

"Kaa," alisema. "Unakimbia kimbia sana. Kaa hapa."

Nilivuta kigoda nikakaa. Alifumba macho. Nje jua lilikuwa limetoka, na kulikuwa na upepo, siku nzuri kabisa ya kukaushia. Nilijua kinachoendelea chini ya mgongo wake. Nilijua hata mpangilio wake: pembeni mwa kiraka kwanza, ambapo unyevu ni mchache, halafu ndani, halafu katikati kabisa, na baada ya hapo hapatavutika bila kulowekwa kutwa. Mafuta yalikuwa karibu na mguu wangu, ndani ya kibuyu. Shangazi alitoka akaenda kutazama moto. Niliikalia mikono yangu, nikaendelea kukaa.